Binti yangu anataka kujifunza karate: maswali ya wazazi na majibu

Je, mazoezi haya hayatamharibia ubikira au uzazi?

Hapana, na inauma kuona wasichana wengi wakizuiwa kwa hofu hii. Kizinda, yaani utando mwembamba kwenye mlango wa uke, hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, na wapo wanaozaliwa bila hicho. Kukitazama hakumwambii mtu yeyote kama msichana amewahi kujamiiana. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe. Kuhusu uzazi, mji wa mimba na ovari vimehifadhiwa ndani ya nyonga. Kurusha mateke na kunyoosha viungo hakuvidhuru.

Mwili wake unafaidika nini?

Nianze na mifupa, maana ndiyo husahaulika. Miaka ya balehe ndiyo mwili hujenga mifupa kwa kasi, na akifika miaka 18 hivi msichana huwa amekwisha kujenga sehemu kubwa ya mifupa yake. Mfupa huimarika unapobebeshwa mzigo: kuruka, kutua, kusukumana, kuangushwa na kuinuka. Anachoweka sasa ni akiba atakayoitegemea baada ya kukoma hedhi, wakati mifupa ya wanawake inapopungua uimara. Moyo, mapafu na misuli navyo hufaidika, pamoja na uwezo wa kusimama imara bila kuyumba.

Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa katika rika la miaka 11 hadi 17, wasichana 85 kati ya 100 hawafikii kiwango hicho, wavulana wakiwa 78. Msichana asiyependa mpira huenda akapenda judo au taekwondo. Mpeni nafasi ajaribu.

Akiwa kwenye hedhi apumzike?

Si lazima. Wengine hupata nafuu ya maumivu ya tumbo wakifanya mazoezi. Anayejisikia vibaya apunguze. Linalowakosesha raha wengi ni sare nyeupe, kwa hiyo mwalimu awaruhusu kuvaa taiti nyeusi ndani, na ruhusa ya kwenda msalani isiwe ya kuombwa mbele ya darasa zima. Anayetokwa na damu nyingi na kuchoka kupita kiasi apimwe damu.

Hedhi ikikatika kwa miezi mitatu, msifurahie mkidhani ni dalili ya mwili wa kimichezo. Mara nyingi ina maana anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa ile ile tuliyoisema huanza kudhoofika. Apelekwe kwa daktari. Mwalimu anayemwambia msichana anayekua ajinyime chakula au maji ili apunguze uzito wa mashindano anamdhuru.

Na majeraha?

Yapo: michubuko, vidole kuteguka, vifundo kuvimba. Goti linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa baada ya balehe wasichana huchanika ligamenti ya goti (ukanda unaoshikanisha mifupa) mara nyingi kuliko wavulana. Afundishwe kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, yasiingie ndani. Kofia ya kujikinga hupunguza majeraha ya ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika. Akigongwa kichwa kisha akaumwa kichwa, akatapika au akachanganyikiwa, aache hapo hapo, na asirudi mazoezini mpaka daktari aruhusu.

Je, ataweza kujilinda akishambuliwa?

Karate ya mashindano ina kanuni na mwamuzi. Hatari ya kweli haina kanuni wala mwamuzi, na mara nyingi hutoka kwa mtu anayemfahamu. Nchini Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu wanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza chuoni waliopewa mafunzo ya saa 12. Katika mwaka uliofuata, ubakaji miongoni mwao ulikuwa karibu nusu ya ule wa wenzao waliopewa vipeperushi tu. Walijifunza mbinu za mwili, lakini pia kutambua dalili za hatari mapema, hata kwa rafiki, na kukataa kwa sauti bila kuona aibu. Ulizeni kama darasa la binti yenu linafundisha hayo.

Akishambuliwa na mwili wake ukaganda, hajashindwa na hana kosa. Kuganda ni jinsi mwili unavyopokea woga mkubwa. Kosa ni la mshambuliaji.

Tutamjuaje mwalimu mzuri?

Mwalimu mzuri hukubali mzazi aketi na kutazama siku yoyote. Hueleza atakapomshika mwanafunzi kabla ya kumshika, na msichana akisema hapana, huacha. Hafanyi mazoezi ya faraghani na mtoto mmoja, wala hamtumii ujumbe wa siri. Tazameni madarasa mawili matatu kabla ya kulipa ada, kisha mkiwa njiani kurudi nyumbani mwulizeni binti mwenyewe alijisikiaje.