Ganda likikwama, ukucha hauna kesi

Mwindaji mwingine kaniletea bunduki ya bolti (komeo la chuma linalovutwa kwa mkono), .375 H&H (aina ya risasi zake), na hukumu imeshapitishwa: "Fundi, badilisha ukucha, hautoi maganda." Ukucha ni kile kindoano cha bolti kinachoshika ganda, yaani kopo la shaba linalobaki risasi ikishafyatuliwa. Nikaomba ganda lenyewe. Ukingo wa kitako cha ganda umepinda, upande mmoja umechanika. Jamani! Ukucha uliochana shaba ni ukucha uliovuta mpaka basi. Ungekuwa mbovu ungeteleza, ukaliacha ganda zima ndani ya chemba, tundu la mtutu inamokaa risasi.

Ukucha ni wa kushika. Nguvu ya kulibandua ganda inatoka kwenye mkono wa bolti: unapouinua, shina lake linapanda mteremko uliochongwa kwenye bodi ya bunduki, na mteremko huo unairudisha bolti nyuma kidogo sana, kwa nguvu kubwa, kabla hujaanza kuvuta.

Kwa hiyo niambie kwanza inagoma wapi. Mkono ukiwa mzito hata chemba ikiwa tupu, bolti ni kavu au chafu. Ila kwenye bunduki za Mauser 98 mwinuko huohuo ndio unaokaza springi ya pini inayolipua risasi, uzito kidogo ni haki yake. Ukiwa mzito baada ya kufyatua tu, nashuku presha ya gesi ya baruti. Ukiinuka vizuri halafu bolti ikakataa kurudi, angalia kutu, vishimo na masizi ya chemba. Bolti ikirudi mikono mitupu, haya, sasa tuujadili ukucha.

Presha, basi. Risasi zilizoshinda kwenye dashibodi juani si zile za asubuhi. Baruti nyingi zikipata moto presha hupanda. Risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa na presha ya chini, ndiyo maana hutoka kirahisi hata kwenye joto. Vitabu vinasema fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) iliyobapa ni dalili ya presha. Mimi siiamini ikiwa peke yake: zipo fataki laini zinazobapa kwa mzigo wa kawaida, na nafasi ikizidi nyuma ya ganda nazo hubapa.

Sasa mafuta. Nani aliwafundisha kupaka risasi mafuta ili zitoke? Ganda hutanuka likashika kuta za chemba, na mshiko huo hupunguza kishindo kinachotua kwenye uso wa bolti. Ukilipaka mafuta linateleza, mzigo unahamia kwenye meno yanayoifunga bolti. Unahamia kiasi gani, mafundi tunabishana hadi leo, maana bunduki nzuri ina akiba. Lakini mafuta hayohayo yanakamata vumbi la porini, vumbi linachubua chemba, na safari ijayo ganda linang'ang'ania zaidi. Safisha, kausha, basi. Na kwa brashi ya chemba. Ile ya mtutu ni nyembamba, inapita katikati bila kugusa kuta.

Ganda tupu lililogoma kabisa hutolewa kwa fimbo ya kusafishia, kupitia mdomo wa mtutu. Risasi ambayo haijalipuka usiiguse kwa fimbo: elekeza mtutu pasipo na mtu, umwite fundi. Nyundo iache nyumbani.