Fisi-maji hamtaki urchini mwenye njaa

Misitu ya kelpi, ule mwani mkubwa wa bahari baridi, inapokufa pwani ya California, ushauri huwa ni uleule: rudisheni fisi-maji wa baharini, wamalize urchini, wale wanyama wa miiba wanaotafuna mwani huo, uote tena. Ni ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayokula bajeti.

Kinachosahaulika ni tumbo la fisi-maji mwenyewe. Hana mafuta chini ya ngozi kama nyangumi. Joto lake linategemea manyoya na chakula. Kwa siku hula karibu robo ya uzito wake, yaani jike wa kilo 20 anatafuta kilo 5 za urchini, kaa na kome. Mbizi isiyomletea nyama ni hasara kwake.

Sasa chukua urchini wa zambarau kutoka kwenye kelpi hai, umpasue. Ndani mna ndimi tano za rangi ya chungwa, zimejaa hadi kugusa gamba. Hizo ndizo tezi za uzazi anazozifuata fisi-maji. Kisha pasua mwingine wa ukubwa uleule kutoka kwenye mwamba mtupu: ndimi zimesinyaa kama nyuzi za kahawia, kilichobaki ni maji na miiba. Huyu hafi. Hukaa na njaa miaka kadhaa, na chipukizi la kelpi likitokeza tu, analitafuna.

Ndivyo ilivyotokea Monterey, pwani ya California. Mwaka 2013 ugonjwa ulianza kuua viti vya pweza (wanyama wa umbo la nyota) vikubwa vyenye mikono mingi, ambavyo navyo hula urchini. Kuanzia 2014 likaja joto la bahari. Urchini wakatoka mianyani na kusambaa. Fisi-maji wakala urchini wengi zaidi, lakini waliwatafuta kwenye mabaki ya kelpi na kuwapita wale wa jangwani, yaani kwenye mwamba mtupu. Kwa hiyo wanalinda msitu uliosalia, jangwa hawalifufui.

Ndiyo maana napendekeza kupima kabla ya kuhamisha mnyama yeyote. Tandaza utepe wa mita 30, hesabu urchini ndani ya upana wa mita 2, ukitenga waliojificha mianyani na walio wazi juu ya mwamba. Vunja kumi wa kila kundi. Wakiwa wamejaa, linda walaji wao. Wakiwa watupu, anzeni na nyundo: huko Palos Verdes, karibu na Los Angeles, wapiga mbizi waliwaponda hadi wakabaki 2 au pungufu kwa mita ya mraba. Kupunguza kutoka 20 hadi 8 ni jasho la bure, kwa sababu idadi ambayo msitu mzima ungeivumilia inatosha kabisa kumaliza miche. Kosa jingine ni kusafisha vipande vidogo vilivyotawanyika. Urchini wa pembeni huingia tena.

Uhamisho nao una mambo yake. Kati ya 1987 na 1990 fisi-maji 140 walipelekwa kisiwa cha San Nicolas, kusini mwa California, na wengi hawakukaa. Baadhi waliogelea kurudi walikotolewa. Waliopelekwa Oregon 1970 na 1971 walitoweka. Wa British Columbia, Kanada, wakastawi. Na wakistawi, ugomvi huanza: kusini-mashariki mwa Alaska wavuvi wa kaa na majongoo-bahari wanawaona washindani, na kwa kweli ni washindani. Mpango usio na fungu la wavuvi haujakamilika.

Kwetu pwani ya Kenya kazi ya kula urchini inafanywa na kikande, samaki asiyehesabiwa sana sokoni lakini anayenaswa kwenye dema kama wengine. Kujua kama bado yupo, watafiti huwafunga urchini kwa mshipi wa nailoni juu ya mwamba na kurudi kesho yake. Gamba lililovunjwa ni dalili ya samaki. Wote wakiwa hai siku baada ya siku, mlaji hayupo, na kumrudisha kikande kwa kufunga uvuvi huchukua miaka mingi.