Kipandauso sugu ni nini, na kwa nini dawa za kichwa zinaweza kukikuza

Kipandauso, ambacho wengi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanakiita migrene, ni ugonjwa wa ubongo na neva unaokuja kwa vipindi. Kipindi kimoja kisipotibiwa huchukua saa 4 hadi 72. Kichwa hugonga, mara nyingi upande mmoja, na kupanda kilima tu kunazidisha maumivu. Mtu husikia kichefuchefu au hutapika, na mwanga na kelele humchoma. Wengine huona kwanza vimulimuli au mistari iliyopindapinda, kwa dakika 5 hadi saa moja, ndipo kichwa kianze.

Kinaitwa sugu pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na angalau siku 8 kati ya hizo zina sura ya kipandauso chenyewe. Wagonjwa wengi hujipunja kwenye hesabu hii. Huhesabu siku walizolala gizani tu, na zile walizokwenda kazini kichwa kikiwa kizito huziacha. Zote zinahesabiwa.

Kinachotokea ndani ni kwamba neva inayohudumia uso na utando wa ubongo huchokozeka na kumwaga kemikali zinazokuza maumivu. Ikichokozwa mara nyingi mno, hubaki macho hata pasipo sababu kubwa. Ugonjwa huu hufuata ukoo, na wanawake huupata karibu mara tatu ya wanaume, hasa hedhi inapokaribia. Kwa hiyo kumwambia mama mwenye kipandauso kwamba anawaza sana ni kumwonea.

Bukavu kichwa kikiuma, watu husema malaria. Malaria ipo, na inaua, ndiyo maana damu ipimwe. Lakini kama kichwa kinarudi kila mwezi bila homa, na kipimo hakionyeshi kitu, kumeza tena dawa ya malaria hakusaidii. Wale akina mama wanaobeba makaa na unga huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, kamba ikipita kwenye paji la uso, wana maumivu mengine ya kutofautisha: yale ya kubanwa na kamba huanza ndani ya saa moja ya kubeba na huisha ndani ya saa moja baada ya kuitua. Yakiendelea hadi usiku pamoja na kutapika, kamba peke yake haitoshi kuwa maelezo.

Nataka kukaa zaidi kwenye dawa za maumivu, kwa sababu ndipo naona watu wengi wakiumia kimyakimya. Farmasi za mitaani huuza vidonge kimoja kimoja, hata kipande kilichokatwa kwa mkasi kisicho na jina wala tarehe. Mtu anameza viwili asubuhi ili afungue duka, viwili jioni ili apike. Kwa mwenye kipandauso, parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe inaweza kuleta maumivu ya kila siku. Kwa tramadoli, dawa kali ya maumivu, na kwa vidonge vilivyochanganya dawa kadhaa, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Kinachohesabiwa ni siku, si idadi ya vidonge. Kipimo cha usalama ni kutopita siku 2 kwa wiki, na siku hizo dawa imezwe mapema, kwa kipimo kamili, maumivu yangali madogo. Mjamzito asijinunulie ibuprofeni.

Kuacha ni kugumu. Maumivu huweza kuzidi kwa siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kupungua, na wengi hurudi kwenye vidonge hapo hapo wakidhani wamekosea. Aliyezoea tramadoli asiache ghafla bila daktari.

Ugonjwa ukishakuwa sugu, kinachohitajika ni dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata kichwa kikiwa kizuri. Propranololi ni mojawapo, ila haifai kwa mwenye pumu. Amitriptilini nayo humezwa usiku kwa kiasi kidogo. Inajulikana kama dawa ya huzuni, na wagonjwa huogopa kwamba wameonekana vichaa. Sivyo, hapa inatumika kutuliza neva. Daktari wa kawaida anaweza kuzianzisha. Zipewe miezi 2 hadi 3 kabla ya kusema hazifanyi kazi, na lengo ni siku za maumivu zipungue, hata kwa nusu, kwa sababu kipandauso hakina dawa ya kukimaliza.

Nenda kwa daktari na daftari: tarehe, saa kilipoanza, hedhi, ulichomeza, usingizi, kama ulikula. Kukosa chakula na kulala ovyo huamsha kipandauso kwa wengi, na ukurasa mmoja wa mwezi huonyesha haya kuliko maelezo marefu. Anayeona vimulimuli aseme hivyo kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa maana vinaongeza hatari ya kiharusi.

Usingoje daftari kama kichwa kimepasuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyaona, kama kuna homa na shingo imekakamaa, mkono au mdomo umelegea, degedege, kama ni maumivu mapya baada ya miaka 50, au kama ni mjamzito anayeona ukungu. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.