Nusu sekunde kabla ya "ndiyo"

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakinyamaza. Rasmi mimi ni mwanaisimu, fani yangu uchanganuzi wa mazungumzo, lakini ukinikuta mezani nimevaa visikilizi, aghalabu narudia kipande kilekile cha rekodi kwa mara ya kumi ili nijue kimya kilidumu muda gani.

Tazama hiki:

A: Kesho utakuja kunisaidia kuhama?
(0.8)
B: Mm, kesho... ngoja niangalie.
A: Kama una kazi basi, usijali.

B hajakataa. Neno "hapana" halimo. Hata hivyo A ameshajibiwa, na tayari anampa mwenzake njia ya kutokea. Hiyo namba kwenye mabano ni sekunde za kimya. Nilipokuwa mwanafunzi nilizifuta zote nikidhani ni takataka za rekodi. Msimamizi wangu akanirudishia kurasa, akasema nikayatafute majibu niliyoyatupa. Mtindo huu wa kunukuu tumeurithi kwa Gail Jefferson, ambaye mwaka 1974, pamoja na Harvey Sacks na Emanuel Schegloff, alieleza jinsi watu wanavyopokezana zamu za kuongea.

Lakini sekunde 0.8 ni nini? Ni nyingi mno. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walichapisha utafiti wa maswali ya ndiyo au hapana katika lugha 10, zikiwamo Kijapani, Kilao, Kidenmarki na Kitzeltal cha Meksiko. Kwa wastani, pengo kati ya swali na jibu lilikuwa kama milisekunde 200. Wajapani walikuwa wepesi kuliko wote na Wadenmarki wazito kuliko wote, ila hata hao wazito wastani wao haukufika nusu sekunde. Tena majibu ya kukubali yaliwahi kuliko ya kukana.

Hapo pana kitendawili. Ukioneshwa picha ya kitu utaje jina lake, neno moja tu, unahitaji kama milisekunde 600 tangu kuona hadi kutamka. Mtu anajibuje basi ndani ya 200? Bila shaka hangoji umalize. Analiandaa jibu wewe ukiwa bado unaongea, huku akikisia sentensi yako itaishia wapi. (Ndiyo maana simu inayochelewesha sauti humfanya hata rafiki aonekane anasitasita.)

Kwa hiyo "ndiyo" iliyokwisha kuiva hutoka papo hapo. Kukataa huja kumefungashwa: kimya kwanza, kisha "mm", kisha "kwa kweli", kisha sababu, na mara nyingi "hapana" yenyewe haifiki. Nina ugomvi mdogo na wenzangu wa semantiki, yaani elimu ya maana, wanaoishia kwenye maneno, na mkubwa zaidi na programu za kunukuu sauti zinazofuta kila "mm" ili maandishi yapendeze.

Si kila kimya ni kukataa, lakini. Niulize 17 mara 23 uone nitakavyonyamaza. Au pengine mtu anatafuna tu. Kwa hiyo niliirudia ile rekodi ya A na B, ambayo ni video, safari hii nikimtazama B. Mdomo ulikuwa mtupu, na macho alishayainamisha kabla A hajafika kwenye "kuhama".