Ng'ombe aliyekula bajeti ya meseji

Nikimwambia mtu kwamba naandika programu za simu, swali linalofuata ni: apu gani? Sina apu hata moja. Mimi ni fundi wa zile menyu zinazotokea ukipiga nyota, namba, reli. Hazina picha wala rangi, na vijana wa ofisini kwetu huziona za kishamba. Lakini ndizo zinazomlipa muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, na ndizo anazotumia baba yangu kijijini kwenye kiswaswadu ambacho intaneti hakiijui kabisa.

Menyu ile haikai kwenye simu yako. Ukipiga *150*00#, ya M-Pesa ya Tanzania, simu inafungua mazungumzo na mtandao kupitia njia za ishara, zilezile zinazotumika kuitisha simu ya kawaida. Mtandao unayafikisha kwenye kompyuta ya huduma, nayo inakujibu ukurasa mmoja mmoja. (Kenya, M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe. Hiyo ni habari nyingine.) Hesabu zote zinafanyika upande wa pili, na ndiyo maana kisimu cha bei ya chini kinatuma pesa sawasawa na simu ya milioni mbili.

Tatizo ni kwamba dirisha lenyewe ni dogo: herufi 182 kwa ukurasa, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ni baiti 160 (baiti moja ni biti 8, na biti ni kile kipimo kidogo kabisa cha kompyuta, sifuri au moja), kila herufi ikibanwa kwenye biti 7. Meseji ina baiti 140, ndipo zikapatikana herufi 160. Humo ndimo nimejifunza Kiswahili upya. "Thibitisha" peke yake inakula herufi kumi. Na ukifupisha, unapotosha. Tulipokuwa tunajaribu menyu moja, tulimwomba mama mmoja amlipe mwenye duka, akaingia moja kwa moja "Toa Pesa". Kwetu mafundi, kutoa ni kuchukua fedha taslimu kwa wakala. Kwake, ukimtolea mtu pesa umemlipa. Mwenye makosa pale hakuwa yeye.

Sasa huyo ng'ombe. Tulikuwa tunawatumia wafugaji wa maziwa meseji za kuwakumbusha chanjo. Nikaandika ujumbe wa herufi 150, nikajipongeza kwa kuingia ndani ya 160, nikautuma kwa orodha nzima. Bili ilipokuja, ilikuwa mara tatu ya tulivyotarajia. Nilihangaika siku mbili kabla sijaiona: nilikuwa nimeuandikia ujumbe ule kwenye programu ya kuchapia nyaraka, nayo, kwa wema wake, ikakipinda kile kialama cha juu kwenye neno ng'ombe ili kipendeze. Kialama kilichonyooka kimo kwenye orodha ya herufi 7-biti za simu. Kilichopinda hakimo. Herufi moja tu ya nje ikiingia, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wa biti 16 kwa herufi, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ukigawanywa vipande, kila kipande kinabaki na 67, kwa sababu lazima kibebe maelezo ya kuviunganisha. Kwa hiyo herufi 150 zikawa meseji tatu, kwa kila mfugaji. Tangu siku hiyo kila maandishi yanayotoka kwangu yanapitishwa kwanza kwenye kichujio, na wenzangu wakikiona kikifanya kazi wanalia "Moooo".

Swali ninaloulizwa zaidi na ndugu ni hili: "Nimeweka namba ya siri, menyu ikapotea. Pesa imekwenda au haijakwenda?" Menyu ni kama mtu unayezungumza naye uso kwa uso, mtandao ukikatika, mazungumzo yamekwisha. Meseji ni kama barua, ikikukosa inasubiri. Ukishabonyeza tuma, kompyuta inapunguza kwako na kuongeza kwa mwenzako kwa pamoja, au haifanyi lolote. Ikimaliza ndipo inakujibu. Sasa jibu likipotea njiani, daftari limeshafungwa zamani. Wewe huoni kitu, unashikwa na wasiwasi, unatuma tena. Tafadhali angalia salio kwanza.

Kosa hilohilo nililifanya mimi kwenye programu. Niliunganisha malipo ya duka moja, na nikaiagiza mashine kwamba isipopata jibu irudie ombi. Kila iliporudia ilitoa namba mpya ya kumbukumbu, kwa hiyo upande wa pili uliona malipo mapya kabisa. Wateja kadhaa wakakatwa mara mbili, nami nikatumia jioni tatu kupiga simu za kuomba radhi. Dawa yake ni mistari michache: namba ya kumbukumbu itengenezwe mara moja, kabla ya jaribio la kwanza, na kila marudio yaibebe hiyohiyo. Upande wa pili ukiiona tena unajibu tu, "Hii nimeshaifanya."

Kuna jambo moja ambalo kompyuta haiwezi kulizuia: ile meseji ya matapeli, "ile pesa tuma kwenye namba hii". Hakuna mfumo uliovunjwa hapo. Mtu mwenye deni la kweli amesoma sentensi fupi akaamini ni ya anayemdai, akatuma kwa hiari yake. Kinachoweza kumwokoa ni ukurasa wa mwisho, ule unaomwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Ndiyo maana nililigombania jina hilo. Kwenye mradi mmoja watu wa masoko walitaka mstari wa tangazo palepale chini, na ili utoshee, jina likakatwa likabaki la kwanza tu. Juma. Juma yupi? Tulibishana wiki nzima, nikawafungulia ukurasa kwenye kiswaswadu cha baba, nikawauliza wao wangetuma pesa kwa Juma huyo.

Tangazo likaondolewa. Ukurasa ule sasa, majina mawili kamili yakiwemo, una herufi 121, na zile 61 zilizobaki sitaki mtu azijaze.