Komando sio lazima awe pandikizi la mtu

Vijiweni hapa Kigoma, Mwanga mpaka Ujiji, watu bado wanaamini komando ni lazima awe pandikizi la mtu, anavunja tofali kwa kichwa kama kwenye sherehe za Uhuru. Yale ni maonyesho jamani (na yananoga kweli), ila mchujo wenyewe hauangalii hayo.

Chukua SAS, kikosi maalum cha makomando wa jeshi la Uingereza, wao wanachujwa kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales, unabeba begi zito na bunduki, unapewa ramani na dira unaenda peke yako, hakuna wa kukufokea wala kukusifia, na mwishoni kuna mwendo wa kama km 64 umalize ndani ya masaa 20 hivi. Misuli ya jim hapo inageuka mzigo wa pili. Mvuvi mwembamba wa Kibirizi anayekesha ziwani na dagaa, mi ningemuhofia huyo zaidi.

Navy SEALs, makomando wa jeshi la majini la Marekani, nao wana wiki yao ya mchujo, siku tano na nusu za maji baridi na mchanga, usingizi kama masaa manne, yani kwa wiki nzima sio kwa usiku! Wengi wanaoishia njiani hawafukuzwi, wanajitoa wenyewe, wanagonga kengele mara tatu basi. Wanaobaki ndo wanaanza kufundishwa kuzamia na vita vya nchi kavu.