"Bibi, weka hiyo ndoo chini!" Dhana potofu kuhusu misuli ya uzeeni

Dhana: Mtu wa Kibosho au Old Moshi, huko miteremkoni Kilimanjaro, hahitaji mazoezi, mlima wenyewe ni mazoezi.

Ina ukweli nusu, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Kupanda kila siku kunafaa sana moyo na mapafu. Lakini msuli huongezeka nguvu pale tu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea. Mlima ni uleule, mwendo ni uleule. Kwa miaka 20 mapaja hayajaona jipya, na kifua na mikono havijaguswa kabisa. Anayeshushwa na bodaboda mlangoni pale Majengo, Moshi mjini, hata huo mlima hana.

Kuanzia miaka ya 30 mwili hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na baada ya 60 kasi huongezeka. Nyuzi za misuli zinazosinyaa zaidi ni zile za haraka, zinazomdaka mtu anapoteleza kwenye tope la masika. Ndiyo maana mzee hutembea hadi sokoni bila shida, ila akijikwaa huenda chini mzimamzima.

Dhana: Aliyepita 70 amechelewa, uzito utamvunja.

Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walitoa matokeo ya mazoezi mazito ya mapaja waliyowapa wakazi dhaifu wa nyumba ya wazee, wenye wastani wa miaka 90. Baada ya wiki 8, nguvu za wale 9 waliomaliza zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174. Kinachoumiza wengi ni pupa. Anza na kiti.

Chagua kiti cha mbao cha kimo cha kawaida, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa ukingoni, nyayo upana wa nyonga, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha simama bila kutumia mikono. Keti taratibu ukihesabu hadi tatu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanajitupa kitini, na kazi ya kushuka, yenye faida kubwa, inapotea. Magoti yakiangukiana, funga kanga juu yake na uisukume kwa nje.

Fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika 2, rudia mpaka raundi 3. Ukimaliza raundi ukiona ungeweza mara 10 zaidi, ni nyepesi mno. Ishia pale unapoona ungeweza mbili tatu tu zaidi. Ukifikisha mara 12 katika kila raundi, shika dumu la maji la lita 3, baadaye la 5. Lita ya maji ni kilo moja. Ya mchanga mkavu ni kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo dumu lilelile linaendelea kukua nawe. Siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana zinatosha. Kwa mikono, sukuma ukuta, na vuta ndoo yenye mfuniko hadi kiunoni huku mkono mwingine ukishika meza.

Dhana: Goti bovu lipumzishwe.

Paja dhaifu huliachia goti mzigo wote. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kesho asubuhi yamepoa. Yasipopoa, weka mto kitini ili kiti kiinuke na usishuke sana.

Dhana: Mwenye presha asiguse kizito.

Kubana pumzi ndiko kunakoirusha presha. Hesabu kwa sauti unapoinuka. Anayehesabu hawezi kubana. Ila namba ya juu ya kipimo ikizidi 180, au ya chini ikizidi 110, kliniki kwanza, kiti baadaye.

Dhana: Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, unatosha kumpa mzee nguvu.

Inategemea nani alikula nyama. Mara nyingi mzee huwekewa ndizi na mchuzi, minofu ikaenda kwa wajukuu "wenye meno". Mzee anayejenga misuli anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake: mwenye kilo 65 anahitaji gramu 65 hadi 78 kwa siku. Yai lina 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15. Nyama ichemshwe ilainike, ipondwe humohumo kwenye mtori. Jioni iwe kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, chenye maharage ya kutosha, na asubuhi chai isisimame peke yake na mkate. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kabla ya kuongeza protini.